MALI BILA DAFTARI: Wanaohesabu tai na mwewe wakirudi kwao

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Kila mwenye duka katika Mwambao wetu anaujua ukweli wa maneno haya. Asiyeandika anachouza na anachokopesha huitambua hasara siku ile rafu zimekwisha kuwa tupu, na siku hiyo hata akijuta hajui aanzie wapi kuuliza. Lakini ni wangapi miongoni mwetu waliopata kufikiri kwamba methali hiyo yawahusu pia ndege wa angani?

Kila mwaka, tangu Februari mpaka katikati ya Mei, wako watu wanaopanda vilima vya jangwa kando ya Bahari ya Sham, darubini shingoni na daftari mkononi. Kazi yao ni moja tu: kuhesabu tai, mwewe, vipanga na kozi wanaotoka Afrika kurudi kaskazini. Hawawindi wala hawategi. Hukaa juani tangu asubuhi mpaka jua linapoelekea kuchwa, wakitazama juu na kuandika. Mpita njia akiwaona huenda akadhani wamepungukiwa na akili. Makala haya yanakusudia kueleza kwamba hawakupungukiwa na kitu, na kwamba daftari zao zatuhusu sana sisi tulio huku.

MUSIMU WA ANGANI

Watu wa Mwambao hawahitaji kufundishwa maana ya musimu. Kwa karne nyingi majahazi yalikuja na kaskazi kutoka Arabuni, Ghuba na Bara Hindi, yakatia nanga Lamu, Malindi na Mombasa. Kisha kusi ilipoanza kuvuma, kiasi cha mwezi wa Aprili, manahodha walitweka tanga wakarejea kwao. Aliyechelewa kuondoka alijua kwamba bahari haitamsubiri.

Angani nako kuna musimu, na tarehe zake hazipishani sana na zile za majahazi. Mamia ya maelfu ya ndege walao nyama huzaa na kulea makinda yao katika nchi za Urusi, Kazakhstan, Uturuki na Ulaya ya mashariki. Baridi kali inapoingia huko, panya hujificha mashimoni, wadudu hufa, nao ndege hawana budi kuhama. Hushuka Afrika na kukaa huku miezi ya baridi yao. Inapofika Februari, Machi na Aprili, wakati ambapo huko kwao theluji inayeyuka na majani yanachipua, hurudi kuzaa tena.

Baadhi yao ni wageni wetu hapa Kenya. Yuko tai wa mbuga, ambaye wataalamu humwita kwa Kilatini Aquila nipalensis. Ni ndege mkubwa wa rangi ya kahawia, mwenye mabawa yanayokaribia mita mbili toka ncha hata ncha. Hufika Novemba na aghalabu huonekana Tsavo mvua za vuli zinapowatoa kumbikumbi ardhini. Ni ajabu lakini ni kweli: tai huyu mwenye kucha za kutisha hushuka chini akatembea na kudonoa kumbikumbi kama kuku uani.

Yuko pia kozi wa Amur, mdogo wa kadiri ya njiwa, ambaye safari yake yashinda ya jahazi lolote. Hutoka mashariki ya Siberia na kaskazini ya China, akapita Bara Hindi, akavuka bahari kuu mpaka pwani ya Afrika, kisha akapita nchi yetu mwezi wa Novemba na Desemba akielekea kusini mwa bara. Anaporudi, mwezi wa Aprili na Mei, huvuka bahari ile ile tena.

Hapa yafaa kumtetea mgeni. Kila mtoto aliyelelewa Mwambao anaijua kelele ya kumfukuza mwewe anapowazungukia vifaranga. Kwa ajili hiyo, kila ndege mwenye mdomo wa kupinda hutiwa katika kapu moja la wezi. Walakini wengi wa wasafiri hawa hawana haja na kuku wa mtu. Tai wa mbuga hula panya, panzi na kumbikumbi. Kozi wa Amur hula wadudu. Na yuko mwewe mmoja ambaye chakula chake kikubwa ni funza wa nyigu awatoao katika viota vyao. Mkulima angekuwa na busara angewaombea wazidi.

KWA NINI WAPITE MLANGONI

Huenda ndugu msomaji akauliza: anga ni pana, iweje mtu akae kilima kimoja na kudai kwamba amewahesabu ndege wa nchi kumi?

Jibu limo katika namna wanavyoruka. Ndege mzito kama tai hawezi kupiga mabawa kutoka Kenya mpaka Urusi. Nguvu zingemwishia njiani. Hutumia hila. Jua linapopasha ardhi moto, hewa ya joto hupanda juu kama moshi wa jiko. Tai huiingia hewa hiyo, akatandaza mabawa, akazunguka na kupandishwa juu pasi na kutaabika. Akifika kileleni huachilia mwili, akateleza angani kwa kilomita kadhaa akishuka polepole, mpaka aikute hewa nyingine ya kupanda. Hivyo ndivyo avukavyo nchi baada ya nchi bila kupiga bawa ila mara chache.

Lakini juu ya maji hila hiyo haifai kitu. Bahari haipashi hewa moto kama ifanyavyo ardhi, na tai akiingia katikati yake yu hatarini kuchoka na kuanguka. Ndiyo maana ndege hawa huiogopa bahari na kutafuta mahali ilipo nyembamba au inapokoma. Bahari ya Sham ina milango miwili mikuu. Wa kusini ni Bab-el-Mandeb, baina ya Yemen na Jibuti, ambapo maji hayapiti kilomita 30 hivi, mlango ule ule walioupita mabaharia wa Kiarabu tangu zamani. Wa kaskazini ni sehemu za Suez, Sinai na ncha ya Ghuba ya Akaba. Ndege waliotawanyika katika bara zima hukusanyika hapo kama mahujaji katika kivuko.

Jambo lililowashangaza wataalamu ni kwamba tai wa mbuga wengi hawaendi na kurudi kwa njia moja. Wakija Afrika hupitia Bab-el-Mandeb. Wakirudi hupanda upande wa Afrika mpaka Suez na Sinai, wakaizunguka Bahari ya Sham yote. Jambo hilo lilidhihirika kwa kulinganisha hesabu za milango miwili, na baadaye likathibitishwa na tai waliofungwa mgongoni vyombo vidogo vya kupeleka habari kwa setilaiti.

NAMNA YA KUHESABU

Kuhesabu ndege elfu kumi kwa siku moja si mchezo. Kosa la kwanza la mgeni wa kazi hii ni kujaribu kuhesabu ndege wanapozunguka katika hewa ya kupanda. Hapo huchanganyika kama mchele unaopepetwa, na mtu humhesabu mmoja mara tatu. Mjuzi husubiri. Ndege wakifika juu hujipanga na kuteleza mmoja nyuma ya mwingine, na hapo ndipo huhesabiwa wakikata mstari wa kuwaziwa angani, kama abiria wanaopita mlango wa kivuko.

Wakipita wachache huandikwa mmoja mmoja. Wakija kwa wingi huhesabiwa kumi kumi, kwa kimashine kidogo cha kubonyeza kwa kidole gumba. Kila saa daftari hufungwa na mpya hufunguliwa, na pamoja na idadi huandikwa upepo unatoka wapi, mawingu yakoje na ndege wanaelekea upande gani. Mahali penye njia pana, watu huwekwa katika vituo kadhaa vilivyopangwa mstari mmoja, wakipashana habari kwa simu ya upepo ili kundi moja lisiandikwe mara mbili.

Shida nyingine ni kuwatambua. Ndege yuko juu sana, jua liko nyuma yake, rangi haionekani. Mhesabuji hutegemea umbo: mkia mrefu au mfupi, mabawa yaliyoinuliwa au yaliyolala sawa, na manyoya ya ncha ya bawa yaliyoachana kama vidole. Mzoefu hutambua pia ndege mchanga na mkongwe, na jambo hilo lina thamani kubwa. Wakipita wazee watupu bila vijana, ni dalili ya kwamba huko kwao makinda hayakukua.

Hata tarehe zao zina utaratibu. Katika njia ya Akaba tai wa mbuga hutangulia, na hushika kilele mwisho wa Februari na nusu ya kwanza ya Machi. Mwisho wa Machi na mwanzo wa Aprili ni zamu ya shakivale wa mbuga za kaskazini. Baada yao, mwezi wa Aprili ukikaribia kwisha, hupita kipanga mdogo wa Sham katika makundi yaliyoshikamana. Wa mwisho ni yule mwewe mla nyigu, mwezi wa Mei. Kila taifa na zamu yake.

HESABU ILIYOTIKISA WATAALAMU

Hesabu mashuhuri za majira haya ni zile za Eilat, bandari ya Israel iliyo kwenye ncha ya Ghuba ya Akaba, ikitazamana na mji wa Akaba wa Jordan. Zilianza kufanywa kwa utaratibu mwaka 1977. Katika machipuko ya mwaka 1985 wahesabuji waliandika ndege walao nyama zaidi ya 1,190,000. Kati yao mwewe wala nyigu walizidi 850,000, na tai wa mbuga walifika 75,000. Mwaka uliofuata shakivale peke yao walizidi 460,000. Kabla ya hapo hakuna aliyeota kwamba ulimwengu una tai na mwewe wengi kiasi hicho.

Upande wa kusini nako hapakusahauliwa. Mwaka 1987, Mwingereza Geoff Welch na mkewe Hilary waliongoza hesabu nchini Jibuti wakati ndege wanapoingia Afrika. Katika wiki chache za Oktoba na Novemba waliandika ndege karibu robo milioni waliovuka Bab-el-Mandeb, na kati yao tai wa mbuga walizidi 76,000. Angalia vile tarakimu za tai zinavyokaribiana: 75,000 mlango wa kaskazini, 76,000 mlango wa kusini. Madaftari mawili, ya nchi mbili zisizopatana, yalikuwa yakisimulia habari za wasafiri wale wale.

Sasa tuje kwenye uchungu. Katika miaka ya karibuni tai wa mbuga wanaohesabiwa Eilat wamekuwa sehemu ndogo tu ya wale wa mwaka 1985. Mtu mwangalifu atasema kwamba huenda wamebadili njia, na ni haki kusema hivyo, kwani upepo na ukame huweza kuwasogeza. Ndiyo maana kituo kimoja hakitoshi. Lakini habari kutoka nchi wanakozaa zilikuwa za namna hiyo hiyo, na mwaka 2015 tai huyu aliingizwa rasmi katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka duniani. Mbuga zake zimelimwa, nyaya za umeme zinamuua, na sumu inayowekewa wanyama wengine humpata yeye.

DAFTARI HUOKOA

Yuko atakayesema: haya, mmehesabu, mmeona wanapungua, ndipo iweje? Je, kuhesabu kunamrudisha ndege aliyekufa?

Hakumrudishi, lakini kunaweza kumzuia wa pili asife. Mfano wa kwanza watoka Marekani. Katika jimbo la Pennsylvania kuna mlima ambao zamani watu waliupanda kwa bunduki kila msimu wa kuhama, wakawapiga mwewe kwa mamia kwa mchezo tu. Mwaka 1934 bibi mmoja, Rosalie Edge, aliukodi mlima huo na kumweka Maurice Broun kuwa mlinzi. Broun aliwazuia wenye bunduki, na badala ya risasi akaanza kutumia kalamu. Miaka ilipopita, daftari la mlima ule lilionyesha kwamba tai wachanga wanakuwa wachache mno. Mwandishi Rachel Carson alizitumia hesabu hizo katika kitabu chake cha mwaka 1962 kuonyesha hatari ya dawa ya wadudu ya DDT, iliyokuwa ikifanya mayai ya ndege yavunjike kabla ya kuanguliwa. Mwaka 1972 Marekani ilipiga marufuku dawa hiyo mashambani, na mwaka 2007 tai mwenye kichwa cheupe, alama ya taifa lao, alitolewa katika orodha ya walio hatarini.

Mfano wa pili ni wa jirani zetu. Karibu na Port Sudan ulikuwako mstari wa nguzo za umeme uliojengwa miaka ya 1950. Tumbusi mweupe, yule ndege wa Misri mwenye uso wa manjano, alikuwa akitua juu ya nguzo hizo na kuungua. Katika miaka ya 1980 mtaalamu mmoja aliihesabu mizoga yake chini ya nguzo akakuta makumi. Wengine walirudi baadaye, wakakuta mizoga mingine. Ushahidi huo ulipofikishwa kwa wenye umeme, mstari ule ulizimwa mwaka 2014 na pakawekwa mwingine ulio salama. Bila hesabu ya mizoga, nani angezima nguzo kwa ajili ya ndege?

Mfano wa tatu ni wa kozi wa Amur, aliye mgeni wetu. Mwaka 2012 iligunduliwa kwamba katika jimbo la Nagaland, India, makumi ya maelfu ya kozi hawa walikuwa wakinaswa kwa nyavu na kuuzwa kwa kitoweo. Mwaka uliofuata wazee wa vijiji, viongozi wa dini, serikali na wapenda ndege walikaa pamoja, na mauaji yakakoma. Kozi watatu walifungwa vyombo vya setilaiti na kupewa majina ya huko: Naga, Wokha na Pangti. Wanakijiji waliokuwa wakiwala walianza kuulizana wamefika wapi, kama wazazi wanaomwulizia mwana aliye safarini.

Na leo hesabu imekuwa kazi ya kila saa. Kando ya Ghuba ya Suez, huko Misri, yamejengwa mashamba makubwa ya mitambo ya upepo ya kuzalisha umeme, katikati ya njia ya ndege. Hapo Jabal al-Zayt, wakati wa machipuko, watu wenye darubini husaidiwa na rada kuangalia makundi yanayokuja. Kundi likikaribia, mtambo husimamishwa mpaka lipite. Utaratibu wa namna hiyo unatumika pia hapa kwetu, Kipeto katika Kajiado, kwa ajili ya tumbusi. Umeme wapatikana, na ndege wapita.

NA SISI JE?

Ndugu msomaji asidhani kwamba habari hizi ni za mbali. Katika miaka ya 1970 wataalamu walipita katika barabara za Kenya kwa motokaa, wakiandika kila tai, mwewe na tumbusi waliyemwona. Baina ya mwaka 2003 na 2020 wengine walizipita barabara tena wakifanya vivyo hivyo. Madaftari yalipolinganishwa, na matokeo kutangazwa mwaka 2022, ilionekana kwamba kati ya aina 22 zilizochunguzwa, 19 zimepungua. Katika mbuga zilizohifadhiwa hali ilikuwa afadhali. Nje yake msiba ni mkubwa zaidi. Laiti wale wa kwanza wasingaliandika, sisi leo tungebishana barazani: mmoja angesema ndege wamepungua, mwingine angesema ni macho yake yamezeeka.

Sababu nyingi zimo mikononi mwetu. Mfugaji akiuliwa ng'ombe na simba huutia sumu mzoga. Simba mmoja hufa, na tumbusi waliokuja kuusafisha mzoga hufa pamoja naye kwa makumi. Tumbusi wakiisha, mizoga huoza, mbwa koko huzidi na maradhi huenea. Aliyetia sumu hakukusudia hayo, lakini hasara humrudia yeye na jirani yake.

Lipo jambo dogo awezalo kulifanya kila mtu, awe mwalimu, mvuvi au mwanafunzi. Miezi ya Machi na Aprili, kati ya saa tatu na saa saba za mchana, jua linapopasha ardhi, toka nje utazame juu upande wa kusini. Ukiona ndege wakubwa wanazunguka bila kupiga mabawa, kisha wanateleza kuelekea kaskazini, hao ni wasafiri. Andika tarehe, saa, mahali, idadi na wanakoelekea. Ukiwajua jina, andika. Usipowajua, eleza umbo lao. Habari hizo hupokelewa na jumuiya ya Nature Kenya, ambayo mizizi yake ni ya tangu mwaka 1909, na huingizwa katika ramani ya ndege wa Kenya ambayo yeyote aweza kuichangia. Shule moja ya Mwambao ikifanya hivyo kwa miaka kumi mfululizo, itakuwa na daftari ambalo wataalamu wa mbali wataliomba.

Wazee wetu waliokuwa wakingoja majahazi walijua kila mwaka ni mangapi yamekuja na mangapi yamerudi, na jahazi likikosekana watu waliuliza. Tai anayepita juu ya Tsavo mwezi wa Machi naye ni msafiri, na nyumbani kwake ni mbali. Akikosekana mwakani, pawe na mtu mwenye daftari wa kumwulizia.